Treni Isiyofika: kisa cha Smiler, Juni 2015

Mchana wa tarehe 2 Juni 2015, muda mfupi kabla ya saa nane, treni mbili ziligongana kwenye rola kosta (reli ya burudani yenye milima na mizunguko) iitwayo Smiler, ndani ya bustani ya burudani ya Alton Towers, Staffordshire, Uingereza. Moja ilikuwa tupu, imesimama. Nyingine ilibeba watu 16 na haikuwa na namna yoyote ya kujizuia. Wote 16 waliumia, watano kati yao vibaya sana. Wanawake wawili waliokaa mbele waliishia kukatwa mguu.

Tangu siku hiyo swali lililoulizwa zaidi ni nani aliyeiruhusu treni yenye abiria iendelee. Lina jibu, na nitalifikia. Linalonivuta mimi ni lile linalotangulia: ile treni tupu ilikuwa inafanya nini pale? Mamlaka ya Afya na Usalama ya Uingereza, inayojulikana kwa kifupi chake HSE, ilichunguza na haikukuta kasoro kwenye reli, kwenye treni, wala kwenye kompyuta inayozitenganisha treni. Reli nzima, magurudumu mazima, kompyuta nzima, na bado treni ikaishiwa nguvu katikati ya safari. Anayejua rola kosta inakwendaje hashangai. Kisa hiki, kwa jinsi ninavyokisoma, ni cha watu walioshangaa pale ambapo hapakuwa na la kushangaza, kisha wakaona bora waikatalie mashine.

Hakuna injini humo ndani

Tuanze na chombo chenyewe. Behewa la rola kosta ya kawaida halina injini, halina dereva, na mara nyingi halina hata breki. Breki ziko kwenye reli; behewa likipita ndipo linapobanwa. Kinacholipandisha ni mnyororo unaopita katikati ya reli kwenye mlima wa kwanza. Chini ya behewa kuna ndoano inayonasa mnyororo huo, na mota ya umeme iliyofungwa mahali pamoja, isiyosafiri kwenda popote, inauvuta. Ule mlio wa ta-ta-ta-ta ambao abiria huusikia wakati wa kupanda hautoki kwenye mnyororo. Unatoka kwenye kipande cha chuma kinachodondokea meno yaliyopangwa kando ya reli, jino baada ya jino, ili mnyororo ukikatika treni ikalie jino lililo nyuma yake badala ya kurudi chini kinyumenyume. Ni kifaa cha zamani. Mmarekani John Miller, aliyebuni rola kosta nyingi mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye anayehusishwa nacho, na ndiye pia aliyepata hataza mwaka 1919 ya magurudumu yanayopita chini ya reli, yale yanayoizuia treni kunyanyuka inapovuka kilele kwa kasi.

Juu kileleni ndoano inaachia. Kuanzia hapo treni ni jiwe lililorushwa. Linajua kuanguka tu, na reli kazi yake ni kuamua litaanguka kwa njia gani.

Watu hudhani mashine kubwa hivi inakula umeme wa mji mzima. Piga hesabu. Chukua treni ya tani 5 pamoja na abiria wake, ipandishe mita 30. Kazi hiyo inahitaji nishati ya jouli milioni moja na nusu hivi, ambayo ni chini ya nusu ya uniti moja ya umeme kwenye mita ya nyumbani. Hata ukiongeza kinachopotea kwenye mota na mnyororo, haifiki mbali. Ukubwa wa mota unatokana na haraka: nusu uniti hiyo lazima itolewe ndani ya sekunde chache, si ndani ya saa zima. Lakini kiasi chenyewe ni kidogo, na ndicho chakula pekee ambacho treni inapewa hadi ifike tena kwenye kitu cha kuisukuma.

Smiler ina kimo cha mita 30. Jiwe likidondoka kutoka kimo hicho bila kizuizi, linafika chini likiwa na mwendo wa kilomita 87 kwa saa. Mwendo wa juu kabisa uliotangazwa kwa Smiler ni kilomita 85 kwa saa. Tofauti hiyo ndogo inasimulia kila kitu: hakuna nguvu iliyofichwa mahali fulani, kasi yote inatoka kwenye kile kimo. Na kabla ya bonde la kwanza, makato yameshaanza.

Makato

Nishati ya kimo hugeuka kuwa ya mwendo treni ikishuka, na ya mwendo hurudi kuwa ya kimo ikipanda. Vitabu vya shule huishia hapo, na mwanafunzi anatoka akiamini mchezo huo ungeendelea milele. Kwenye reli halisi kila mgeuzo una ushuru wake. Beringi za magurudumu zinachukua kidogo. Plastiki ya gurudumu inabonyea na kurudi mamia ya mara kwa dakika, inapata joto, na joto hilo ni nishati ambayo haitarudi tena kuwa kimo. Kila kona na kila kiringi, yaani duara linalomgeuza abiria kichwa chini, kinayakandamiza magurudumu kwenye reli kwa uzito mkubwa kuliko uzito wa treni yenyewe, kwa hiyo ushuru wa konani ni mzito kuliko wa njia iliyonyooka. Hewa nayo inachukua fungu lake.

Ndiyo maana rola kosta ya mnyororo haiwezi kuwa na kilima cha pili kirefu kuliko cha kwanza. LaMarcus Thompson alilijua hilo mwaka 1884 alipofungua Switchback Railway pale Coney Island, New York. Ilikuwa njia ya futi 600, mwendo wa maili 6 kwa saa, nauli senti 5. Gari lilianguka kutoka mnara mmoja, likapita mawimbi, likafika upande wa pili likiwa chini ya kimo lilikoanzia. Abiria walishuka, wahudumu wakalisukuma hadi juu ya mnara wa pili, abiria wakapanda tena kwa safari ya kurudi. Wale wahudumu walikuwa wanarudisha kwa mikono kile ambacho msuguano ulikuwa umekikata. Ningependa kila mhandisi mchanga wa michezo hii aanze kazi kwa kusukuma gari kama lile kwa wiki moja.

Smiler ilifunguliwa Mei 2013 ikiwa na rekodi ya dunia: mara 14 abiria anageuzwa kichwa chini miguu juu, kwenye njia ya mita 1,170. Mita 30 za kimo hazitoshi kulipia vichwachini 14. Mjenzi wake, kampuni ya Gerstlauer ya Ujerumani, aliweka milima miwili ya kupandishia: treni inapandishwa, inatumia ilichopewa, kisha inafika kwenye mlima wa pili ikiwa karibu haina kitu, inapandishwa tena. Kati ya mlima wa kwanza na wa pili hakuna mota. Treni ikishaachiwa, ama itafika kwenye mlima wa pili kwa akiba yake yenyewe, ama haitafika.

Akiba yenyewe haiwezi kufanywa kubwa kama mtu anavyotaka. Mbunifu anabanwa pande mbili. Siku ya joto, treni imejaa, grisi imelainika, magurudumu yamepashika moto, treni inakwenda kasi kuliko siku zote, na kasi hiyo inageuka kuwa mgandamizo kwenye shingo na mgongo wa abiria. Siku ya baridi na upepo, treni ikiwa tupu, inakwenda polepole kuliko siku zote. Njia hiyo hiyo moja lazima iwe salama kwa treni ya siku ya kwanza na ipitike kwa treni ya siku ya pili. Ukiongeza kimo ili ile ya polepole ivuke kwa raha, unamuumiza abiria wa siku ya joto. Kwa hiyo nafasi iliyobaki katikati ni finyu, na mjenzi anaiwekea mipaka kwa maandishi. Kwa Smiler, mjenzi alikuwa amesema isiendeshwe upepo ukizidi maili 34 kwa saa.

Siku ile, mahakama iliambiwa baadaye, upepo ulikadiriwa kuwa na kasi ya maili 45 hivi kwa saa.

Kwa nini ile tupu

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, nami nakiri liliwahi kunichanganya. Shuleni tulifundishwa kwamba uzito hauna maana: jiwe zito na jiwe jepesi huanguka sawasawa. Sasa inakuwaje treni tupu ikwame mahali ambapo treni yenye watu inapita?

Jibu liko kwenye hewa. Mvutano wa dunia unaongezeka kadiri treni inavyokuwa nzito. Msuguano wa magurudumu nao unaongezeka kwa kiasi kile kile, kwa hiyo hivyo viwili vinakwenda pamoja na uzito hautoi nafuu kubwa. Hewa haijali treni ina uzito gani. Inaangalia umbo na mwendo tu. Watu 16 ni zaidi ya tani moja ya mzigo. Ukiwatoa, hewa inaendelea kudai karibu kiasi kile kile kutoka kwenye akiba iliyopungua. Ni kama tozo isiyobadilika inayotozwa kwa tajiri na kwa masikini: tajiri haioni, masikini inammaliza.

Ongeza upepo. Ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo kati ya treni na hewa. Treni inayokwenda mita 10 kwa sekunde katika hewa iliyotulia, tuseme inalipa 100 kwa kipimo chochote unachotaka. Ikikutana na upepo wa mita 20 kwa sekunde unaoipiga usoni, na maili 45 kwa saa ni karibu hapo, sasa inakabili mita 30 kwa sekunde, na malipo yanaruka hadi 900. Mara tisa.

Mtu atasema: lakini njia ya rola kosta inazunguka, upepo unaoipinga hapa utaisukuma kule. Ni kweli, ila hesabu hazilingani. Upepo huo huo ukija kutoka nyuma, unaipita treni kwa mita 10 kwa sekunde na kuisukuma kwa 100. Jumlisha njia mbili hizo: hewa tulivu ingekata 200, upepo umekata 800. Kinachorudishwa mgongoni hakifikii kilichochukuliwa usoni. Na kinachochukuliwa kinaumiza zaidi pale treni ilipo taratibu, yaani karibu na kilele cha kiringi, ambapo tayari inavuka kwa kuponea chupuchupu.

Siku ile Smiler ilikuwa imesimamishwa kwa tatizo la kiufundi, na treni ya tano iliongezwa kwa nne zilizokuwa kazini. Kabla ya kuwarudisha abiria, treni tupu ilitumwa kuzunguka kwa majaribio, kama inavyopasa. Ilipanda mlima wa kwanza, ikaachiwa, ikashindwa kumaliza. Treni ikishindwa hivi haigandi juu. Inarudi nyuma, inapanda kidogo upande ilikotoka, inashuka tena mbele, inabembea kama bembea aliyoshuka mtoto, kila safari fupi kuliko iliyopita, hadi inatulia mahali pa chini kabisa. Waendeshaji wa michezo hii duniani wanaijua hali hiyo. Huitoa kwa kamba na winchi, au kwa kreni, kwa saa kadhaa za kazi ya kuchosha. Ni aibu kidogo na hasara ya siku. Ajali bado.

Bonde

Kuna kitu kimoja katika kisa hiki ambacho nimekirudia mara nyingi kichwani, kwa sababu nimeona wachache wakikitaja. Treni iliyokwama hutafuta mahali pa chini kabisa. Treni inayofuata nayo huwa na kasi yake kubwa kabisa mahali pa chini kabisa. Ni mahali pale pale. Sheria ile ile ya asili inayoilaza moja bondeni ndiyo inayoileta nyingine bondeni kwa mbio. Ukitafuta mahali pabaya zaidi pa kusimamisha behewa kwenye rola kosta, asili imeshakuchagulia.

Kwa hiyo mtu anayejenga rola kosta yenye treni zaidi ya moja hawezi kutegemea bahati, na wajenzi hawaitegemei. Waliazima wazo kutoka reli za kawaida: njia inagawanywa vipande, viitwavyo bloku, na katika kila bloku inaruhusiwa treni moja tu. Mwisho wa kila bloku pana kitu kinachoweza kuisimamisha treni kabisa na kuiondosha tena: mlima wenye mnyororo, au breki zenye magurudumu ya kusukumia, au kituo. Kwa kawaida bloku lazima ziwe nyingi kuliko treni, maana kila treni inahitaji bloku tupu mbele yake.

Kompyuta inayosimamia haioni treni. Kando ya reli kuna vihisi vinavyotambua chuma kikipita. Kihisi cha mwanzo wa bloku kinasema, imeingia. Cha mwisho kinasema, imetoka. Kama "imeingia" imesikika na "imetoka" haijasikika, kompyuta inahesabu kwamba bloku ina treni, na haitaiachia nyingine. Haiulizi sababu. Haijali kama treni imekwama, imevunjika, au kihisi kimeharibika. Mbele ya shaka, inashikilia.

Ndivyo ilivyofanya Smiler. Treni yenye abiria 16 ilitoka kituoni, ikapanda, na kompyuta ikaishikilia kwenye mlima wa kwanza, kwa sababu ile tupu ilikuwa imeingia kwenye bloku ya mbele na haikuwa imetoka.

Pale mlimani treni ilikuwa salama kabisa, na ingeweza kukaa hapo siku nzima. Mlima wa kupandishia ndiyo sehemu ya mwisho ambapo binadamu ana mamlaka juu ya treni. Baada ya hapo mamlaka ni ya mvutano wa dunia.

Kitufe

Mafundi waliokuwepo hawakujua kwamba treni ya majaribio imekwama. Kwa ufahamu wao hapakuwa na kitu mbele. Kompyuta ilikuwa inasema bloku ina treni. Wao waliona kompyuta imekosea. Mifumo hii ina njia ya kuruhusu mtu kuipita kompyuta kwa mkono, na lazima iwe nayo, kwa sababu vihisi huharibika kweli na treni lazima ziondolewe. Wakaitumia. Mnyororo ukaanza kuvuta, treni ikavuka kilele, ndoano ikaachia.

Kuanzia sekunde ile hapakuwa na kitufe duniani cha kuirudisha. Hapo ndipo ukosefu wa injini unapoonyesha sura yake ya pili. Gari lina breki kwenye mguu wa dereva. Garimoshi lina dereva anayetazama mbele. Treni ya Smiler kati ya milima miwili haikuwa na hata kimoja. Watu 16 walibebwa na kimo cha mita 30 hadi bondeni, na bondeni palikuwa na behewa.

Mwendesha mashtaka aliulinganisha mgongano huo na gari la familia la tani moja na nusu lililogongwa kwa maili 90 kwa saa. Mtu wa kwanza kupiga simu ya dharura alipiga baada ya dakika 17. Treni zilikuwa zimenasana mita kadhaa juu ya ardhi, zimeinama, katikati ya reli zilizosokotana, na ilibidi lijengwe jukwaa ili waokoaji wawafikie waliobanwa. Wa mwisho walitolewa baada ya zaidi ya saa nne.

Merlin, kampuni inayoendesha Alton Towers, ilisema mwishoni mwa mwaka ule kwamba uchunguzi wake wa ndani umekuta kosa la kibinadamu. HSE haikuridhika na maelezo hayo, nami naona ilikuwa na haki. Kosa la kibinadamu ni jina la kile fundi alichofanya dakika ya mwisho. Halisemi kwa nini fundi aliachwa afanye uamuzi mkubwa kiasi hicho bila utaratibu ulioandikwa kwa kina, bila mtu mmoja mwenye jukumu la kujua treni ngapi ziko njiani, bila lazima ya kuitazama bloku kwa macho kabla ya kuipita kompyuta. Wala halisemi kwa nini mchezo uliendeshwa katika upepo ambao mjenzi alishaukataza.

Kampuni ilikiri kosa. Tarehe 27 Septemba 2016, Mahakama ya Crown ya Stafford iliitoza faini ya pauni milioni 5. Jaji alieleza kwamba bila kukiri ingekuwa milioni 7.5.

Wengine walipotarajia kushindwa

Ingefaa kulinganisha na rola kosta nyingine ambayo treni kutofika lilikuwa jambo la kila msimu. Top Thrill Dragster, iliyofunguliwa mwaka 2003 pale Cedar Point, Ohio, Marekani, haikuwa na mnyororo. Mfumo wa haidroliki ulivuta treni kwa kebo na kuifikisha maili 120 kwa saa ndani ya sekunde nne hivi, kisha ikapanda wima hadi futi 420 na kushuka upande wa pili. Akiba yote ilitolewa kwa mkupuo mmoja kwenye njia tambarare. Upepo ukigeuka, au mkupuo ukipungua kidogo, treni ilipanda, ikapanda, ikasita karibu kabisa na kilele, ikarudi kinyumenyume ilikotoka.

Wabunifu walijua itatokea. Kwenye njia ya kurushia waliweka mapezi ya breki za sumaku yanayoinama treni inapopita kwenda mbele, kisha yananyanyuka mara moja nyuma yake. Treni ikirudi, inakuta breki zimesimama zikiisubiri. Breki hizo hazitaki umeme ili kushika: sumaku ikipita karibu na bamba la shaba, mwendo wenyewe unazaa mkondo unaoupinga mwendo huo. Abiria walirushwa tena, na wapo waliokuwa wakiombea treni yao isivuke, kwa sababu waliorudishwa walipata safari mbili kwa foleni moja.

Smiler nayo ilitarajia kushindwa. Bloku zake ni matarajio hayo hayo yaliyoandikwa kwa vihisi na kompyuta badala ya sumaku. Tofauti ni kwamba pale Ohio kushindwa kulionekana na kila mtu aliyeinua macho, na breki zilinyanyuka bila kumwomba mtu ruhusa. Huku Staffordshire kushindwa kulijificha ndani ya msitu wa reli, kukaonekana tu kama taa kwenye meza ya udhibiti inayosema njia ina treni. Taa inaweza kubishiwa. Treni inayorudi kinyumenyume kwa mbio haibishiwi.

Kuna wanaosema dawa ni kuondoa kabisa njia ya kuipita kompyuta kwa mkono. Sikubaliani nao. Treni yenye watu iliyoshikiliwa mlimani kwa kihisi kilichokufa nayo lazima ishushwe, na siku hiyo itahitajika mikono. Kinachotakiwa ni kwamba mkono huo usitangulie macho. Treni tano ni chache. Mtu mmoja akizunguka kando ya njia na kuhesabu, ya kwanza iko kituoni, ya pili breki za mwisho, na kuendelea, atajua ndani ya dakika chache kama kompyuta inaota au inasema kweli. Na akikosa moja, ajue mahali pa kwanza pa kuitafuta ni bondeni.

Smiler ilifunguliwa tena Machi 2016. Milima ni ile ile miwili, na kati yake bado hakuna mota. Kilichobadilishwa ni nani anaruhusiwa kuamua: bustani ilisema kwamba kuuanzisha mchezo tena baada ya kusimama kwa kiasi kikubwa kutahitaji kwanza idhini ya ziada ya uongozi wa juu.